Uvimbe wa Tupokigwe

Tupokigwe wa Kinyala hakuwahi kuwa na uvimbe wowote. Alikuwa na matiti mazito tu, yaliyomwelemea tangu usichana. Mikanda ya sidiria ilimchimba mabega mpaka ikaacha mifereji, na kapu la chai likamalizia shingo. Daktari wa Mbeya alipomwambia yanaweza kupunguzwa, alilia kwa furaha. Lakini angewaambiaje watu? Mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, amekwenda kukatwa matiti yasiyo na ugonjwa? Wangemtafuna mpaka mifupa. Basi akasema ana uvimbe, wa siku nyingi, tangu usichana.

Uongo huo ukamletea wema mpaka ukamtesa. Aliporudi, kifua kimefungwa bandeji, mikono haipandi hata kuchana nywele, akina mama wa kanisani walimpokea kama aliyefufuka. Alikuwa amekatazwa kubeba kitu chochote kizito kwa wiki sita; wao wakamtekea maji, wakampikia, wakagawana zamu za kumchumia chai. Chini ya bandeji kuliwasha na kuvuta, titi moja limevimba kuliko la pili, chuchu hazisikii kitu. Kila alipoulizwa hali alijibu, "Namshukuru Mungu."

Jioni moja jirani yake Sekela alibaki wenzake walipoondoka. Alifunga mlango, akafungua vifungo vya blauzi, akauchukua mkono wa Tupokigwe na kuuweka pembeni mwa titi lake. Kulikuwa na kitu kigumu, hakisogei.

"Tangu mwaka jana," Sekela alisema, anatabasamu. "Niliogopa sana, Mama Gift. Ila wewe umekaa na wako miaka yote hiyo, na umepona. Basi na mimi nitasubiri, tuvune kwanza."

Tupokigwe angenyamaza, heshima yake ingebaki. Sekela je?

"Mdogo wangu, mimi sikuwa na uvimbe." Alifungua bandeji, akamwonyesha makovu yaliyozunguka chuchu na kushuka mpaka chini. "Yalikuwa makubwa, yananiumiza, nikaenda kuyapunguza. Niliwadanganya. Hicho chako sijawahi kuwa nacho. Nenda hospitali kesho, usivune kitu."

Sekela alifunga vifungo taratibu. "Kumbe mvua yote ile tunakuchumia chai, wewe unatuchezea?"

Akatoka bila kuaga, na njiani akapitia kwa wenzake.

Asubuhi hakuja mtu. Kesho yake vilevile. Chai ikarefuka shambani, na Tupokigwe, baada ya kuhangaika na nusu ndoo ya maji, akaketi mlangoni akalia mbele ya mumewe, Ezron, bila kujificha.

"Sekela umemwona?" alimuuliza.

"Jana asubuhi, stendi ya Tukuyu," Ezron alijibu. "Amevaa nguo za kanisani, anapanda gari la Mbeya. Nimemsalimia, hata hakuitikia."

"Asiitikie," Tupokigwe alisema, akijifuta machozi. "Mradi amepanda."