Dawa ya Presha kwa Kijerumani

Mama yake madam wangu alikuja Al Barsha, huku ughaibuni ninakofanya kazi za ndani, kutoka Ujerumani kukimbia baridi ya kwao. Daktari alipombadilishia dawa, yule bibi akanipa paketi nzima ya ile ya zamani, ambayo haijafunguliwa. "Ya presha," akasema. Nilifurahi mno. Mama yangu huko Singida presha inamsumbua, na sisi tunaopanga chumba kimoja mtaa wa Karama hatufungi mzigo wa kago wa kwenda nyumbani bila kutia dawa za wazee, hata za kuombaomba. Usiku huohuo nikampigia simu kumtangazia. Mkenya ninayeishi naye akaibana paketi katikati ya kanga na sabuni. "Presha ni presha," akasema. "Mathe atapona, wewe relax."

Asubuhi nikamuomba yule bibi anifundishe jina la dawa hiyo kwa lugha yake, nipate cha kumringia mama. Akalitoa kwa pumzi moja: Blutdrucksenker. Nikacheka, neno refu kama treni! Akanikatia vipande. Blut, damu. Druck, mbano, na hapo akaniminya kiganja. Senker, kinachoshusha. Kwao, akaeleza, kuna kitenzi cha kuzama, na hiki ni ndugu yake, cha kuzamisha. Kumbe ni shuka na shusha yetu! Nikawapenda Wajerumani papo hapo. Watu gani hawa, dawa inaitwa kwa kazi yake, haifichi kitu. Sisi tunasema dawa ya presha, basi, kama inapandisha au inashusha utajua mwenyewe.

Mkono wake ulikuwa bado unateremka polepole kunionyesha kushusha, nilipoacha kucheka. Presha ya mama yangu ni ya kushuka. Ilishawahi kumwangusha bombani, akabebwa hajitambui.

Nikapiga simu Karama.

"Jamaa wa kago yuko mlangoni," mwenzangu akasema. "Ananiambia yalla, yalla, ana haraka."

"Chana boksi! Itoe ile dawa!"

Nikasikia selotepu ikichanika, jamaa akilalamika, kisha: "Niko nayo."

Nililia jikoni mbele ya yule bibi, wala sikuona aibu. Ningeweza kumbusu yeye na neno lake.

Jioni nikamwambia mama kwamba dawa haiji. Alisikitika kweli.

"Nimeshawatambia majirani," akasema. "Ningeanza kuimeza siku hiyohiyo, mwanangu, hata kwa daktari nisingepita. Si imetoka kwako?"