Magneziamu Katika Tanuri ya Mikate

Sisi watu wa Lubumbashi tumelelewa na shaba, kwa hiyo tunadhani kila metali ina tabia za shaba. Shaba ikikakamaa kwa kugongwa nyundo, unaitia motoni mpaka iwe nyekundu, unaitumbukiza majini, nayo inalainika tena. Watoto wa mtaa wetu walijua hilo kabla ya kujua kuandika. Mimi nikaenda kusomea magneziamu, na wenzangu darasani walinicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Ilikuwa miaka ya kuporomoka. Kampuni ya migodi iliyolisha mji mzima ilikuwa imelala. Baba alikwenda kazini bila mshahara, kisha akaacha kwenda. Maduka ya katikati ya mji yalikuwa yameporwa hadi bawaba za milango. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Mwishowe tukaambiwa kwamba tutatetea kazi zetu za utafiti mbele ya jopo juma lile au hatutatetea kabisa. Asiyekuwa na matokeo, mwaka wake ungekuwa mweupe, yaani hauhesabiwi. Nilikwisha kupoteza miaka miwili namna hiyo. Wa tatu sikuutaka, na nilimwambia hivyo kila aliyenisalimia, hata kama hakuniuliza.

Kazi yangu ilikuwa rahisi kueleza. Kipande cha aloi ya magneziamu ni chepesi ajabu mkononi, lakini ukikikunja kinakatika kama muhogo mkavu, kwa sababu chembe zake za ndani ni kubwa na hazikubali kupishana. Ukikisukuma kwa nguvu nyingi kupitia tundu lenye kona ndani ya bloku la chuma cha moto, tena na tena, chembe zile zinagawanyika na kuwa ndogo. Ila kinatoka kimekaza, kama mtu aliyetoka kugombana. Kinahitaji joto la kiasi ili kitulie. Likipungua, hakitulii. Likizidi au likikawia, chembe zinanenepa tena na jasho lako limekwenda bure. Nilikuwa nimesukuma vipande viwili kwa jeki ya lori mpaka mabega yakavimba. Kilichobaki kilikuwa joto tu, na tanuri ya maabara ilikuwa ya umeme. Umeme wenyewe tulikuwa tumeanza kuusahau.

Kipande cha kwanza nikakipeleka kwa mjomba wangu, mfua shaba, ambaye makaa yake hayakuzimika hata katika siku zile. Nilimwonya asikifikishe kwenye wekundu. Akaitikia, "Ndiyo, ndiyo," huku akivuta mivukuto. Mazoea yana taabu. Mkono uliofua shaba miaka yote ulisubiri wekundu, na magneziamu haikumpa wekundu. Ilimpa moto mweupe uliotufumba macho.

"Tonton, usitiye mayi!" nikapiga kelele.

Alikwisha kumwaga ndoo nzima ya maji. Moto wa magneziamu maji huuchochea, nao uliruka hadi kwenye mabati, nasi tukatoka mbio, yeye mbele. Tulipoacha kuhema alinitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemwaga.

"Ile kintu yako iko na bashetani," akasema.

Nililia pale pale barabarani, bila aibu. Akanishika bega akaniambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikaribia kumjibu vibaya, lakini alisema kweli. Kipande kimoja kilikuwa bado kimebaki.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anaondoa makaa katika tanuri yake ya matofali, tayari kuingiza mikate ya kuuza. Alirusha chembe za unga sakafuni mwa tanuri. Zikageuka kahawia polepole, hazikuwa nyeusi. Nilisimama kama niliyepigwa kofi. Joto nililolitafuta mji mzima lilikuwa ndilo lililonilisha tangu utotoni, tena bila ndimi za moto za kukichoma kipande changu.

"Mu four yangu?" mama akashangaa nilipomwomba nafasi katika tanuri. "Uniletee sumu mu mikate ya bantu?"

"Mama, iko mu boîte. Haitagusa mukate."

Akakubali kwa shingo upande. Kikopo chenye kipande changu kikaingia pamoja na mikate, mlango ukazibwa kwa udongo. Kwetu tanuri ikishazibwa haifunguliwi mpaka mkate uive, maana ukifungua mapema mkate unaanguka. Hata baba hakuthubutu. Lakini kipande changu kilitakiwa kutoka kabla ya mkate, na kuni za kuwasha mara ya pili hatukuwa nazo. Nilizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama," nikasema, "kama haitoke sasa, kazi yote itakufa."

Aliutazama ule udongo kwa muda. Kisha akachukua mwiko wa fundi akaubomoa mwenyewe.

"Toa," akasema. "Mukate tutapika ingine. Diplôme hatuwezi kuipika."

Mikate ikaanguka yote. Hakuna aliyeinunua.

Kesho yake mwenyekiti wa jopo aliposikia habari ya tanuri ya mikate, alicheka na wenzake wakacheka naye. Akataka kujaribu kwa mikono yake. Alibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, kipande ambacho hakikusukumwa wala kupashwa, akakivuta, kikakatika. Akabana changu. Akavuta taratibu, kikafuata. Akaongeza nguvu, kikafuata tena, mpaka kikapinda kama mpini wa ndoo. Alipitisha ukucha mgongoni mwake akitafuta ufa, akarudia, akampa mwenzake atafute. Kicheko kilikuwa kimekwisha chumbani.

"Ingénieur," akasema, "kaa."

Mhandisi: hilo huitwa aliyefaulu tu. Sikukaa. Nilifungua mlango na kumwita mama, aliyekuwa amesimama koridoni tangu asubuhi, nikamwambia, "Mama, ingia, baniite tena mbele yako."

Na mwenyekiti, Mungu amzidishie, akaniita tena.