Mama Pamba na Makopo Yaliyolia

Alizaliwa Jumapili, misa ya pili ikiendelea, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto alitoka akilia kama aliyedhulumiwa. Baba alikuwa fundi cherehani. Binti naye, maji hufuata mkondo, akashika sindano kabla ya kalamu. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, na virusi vilivyomuua mume vikakutwa damuni mwake. Alilia wiki nzima. Kisha akanawa uso, akaanza dawa, akarudi kwenye cherehani.

Wito ulimjia kwenye foleni ya kliniki. Aliwaona watu wakiondoka wamekumbatia mikoba, maana vidonge havina siri: ukipiga hatua tu, kopo lake linalia mkobani, na basi zima linajua una nini. Akashona vifuko vyenye pamba ndani, akawagawia bure. Kopo likitiwa humo, kimya! Ndipo wakambandika jina la Mama Pamba, naye akalipenda.

Jaribu lilimjia kupitia shemeji yake, fundi rangi, mtani wake wa kufa na kuzikana. Naye alikuwa na virusi hivyo, na dawa za zamani zilimtia kizunguzungu hata akaporomoka kutoka kwenye ngazi, akavunjika mkono. Dawa mpya zilikuwepo, lakini mfuko wa bima uliwalipia wale tu waliokwisha kuzidiwa kitandani. "Shemeji," alimwambia, "nikimeza naanguka, nisipomeza nazikwa. Nichagulie."

Mama Pamba akaanza kwenda ofisi za bima, akaenda tena na tena, hata mlinzi akawa anamwekea kiti. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. "Mama," alimwambia, "unakuja peke yako. Hao wengine wako wapi? Mbona hatuwasikii?" Masikini, neno hilo lilimchoma! Pamba yake mwenyewe ndiyo iliyowanyamazisha. Alimwendea kasisi akilia kwamba ameifunika taa kwa pishi, kile chombo cha kupimia nafaka, jambo ambalo Injili inakataza. Kasisi akamjibu, "Basi ifunue, mama. Pishi ni yako."

Akawaita wenzake. "Anayetaka aje. Asiyetaka namwombea vilevile." Wakaja, wakajaza ukumbi wa ofisi za bima hadi kwenye ngazi. Mbele ya mkurugenzi alichomoa mkasi, akafumua kifuko chake, akatoa kopo, akalitikisa. Shemeji akafuata kwa mkono wake mzima. Halafu ukumbi wote. Mwisho kabisa, karani wa mkurugenzi, dada aliyemfungulia Mama Pamba mlango siku zote, akafungua mkoba wake, naye akatikisa kopo lake. Mkurugenzi akamtazama. "Baba," Mama Pamba alisema kwa upole, "fundi hangoji suruali ipasuke ndipo apitishe uzi." Kabla ya mwaka kuisha, bima ililipia dawa mpya kwa kila aliyezihitaji.

Alifariki uzeeni, usingizini, miwani ikiwa bado usoni. Dari ya kanisa alimoagwa ilikuwa imepakwa rangi upya, na aliyepanda juu kabisa ya ngazi kuipaka ni shemeji. Waamini wanamwita mtakatifu bila kuomba ruhusa ya mtu. Nasi tumwige: tunayempenda tumsitiri, lakini tusimsitiri hata asisikike. Siku ya maziko kasisi aliomba kimya kidogo kaburini. Watu wakainama kuchukua udongo, na makopo yakalia mikobani, huku na huku. Kasisi akatabasamu, akaacha yalie.