Saa ya Alhamisi ya Mwalimu Kandida

Watu wa Bagara, pale Babati, walimjua Mwalimu Kandida kwa mwendo. Alitembea kama mtu aliyeitwa, hata akiwa anakwenda kuchota maji tu. Alikuwa mfupi, mama wa watoto wanne, Egidius wa kwanza, mkufunzi wa hesabu katika chuo cha ualimu, na akisema jambo limekwisha, limekwisha. Wanaosema alikuwa mkaidi, waache waseme. Ukaidi ndio uliomfikisha.

Mwaka ule wa 1984 sabuni ilikuwa ya kuviziwa, sukari ya kusimuliwa. Wakufunzi walifundisha asubuhi, mchana wakakimbilia ng'ombe na mahindi yao. Nani awalaumu? Lakini Kandida aliona kitu kingine kikifa kimya kimya. Kila mkufunzi alifundishia daftari aliloandika zamani alipokuwa mwanafunzi. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, wanachuo wanazinakili, wanakwenda kuzimwaga vijijini. Hakuna aliyeuliza jipya.

Akamwendea mkuu wa chuo, Mwalimu Fabiani.

"Kila mkufunzi achunguze jambo moja la hapa hapa Babati, aliandike, atusomee. Nipe Alhamisi alasiri."

"Mama Egidius, watu wanatafuta sabuni, wewe unatafuta utafiti?"

"Sabuni naitafuta pia. Ila sisi tunafundisha walimu. Tukisinzia sisi, wilaya nzima inakoroma."

Fabiani akacheka, akampa Alhamisi mpaka chuo kifungwe mwezi wa sita. Lakini akaweka sharti. Isipopatikana kazi hata moja ya maana, saa ile inarudi kwenye palizi la shamba la chuo, na Kandida asimletee habari hiyo tena.

Alhamisi ya kwanza alisoma Mzee Melkiadi, mkufunzi wa kilimo, mkubwa kuliko wote. Alisoma habari za udongo, sauti nzito kama ya padri. Ilipofika sentensi ya tatu Kandida akaitambua kazi ile. Ilitoka kitabuni neno kwa neno, na udongo wenyewe ni wa nchi nyingine. Sasa utamwambiaje hivyo mtu unayemwamkia shikamoo? Akapiga makofi pamoja na wenzake. Hapo ndipo alipokosea. Wiki zilizofuata kila mtu alileta cha kunakili, makofi yakapigwa, watu wakatoka wakipiga miayo.

Zilipobaki Alhamisi nne, Kandida akakumbuka kwao milimani Mbulu. Watu kule wakialikana kulima, wanapokezana mashamba, na hakuna anayeshusha jembe mpaka mwenye shamba aonyeshe pa kuanzia. Basi akasimama akasoma yake, kwa nini watoto wa darasa la pili katika shule ya kijijini Sigino wanashindwa hesabu. Alikuwa ameandika kwamba ni kwa sababu nyumbani hawasemi Kiswahili. Makofi yakaanza.

"Acheni makofi," akasema. "Hili ni shamba langu. Ukurasa wa pili una magugu. Limeni."

Ndipo Pantaleo, mkufunzi kijana mwenye mdomo, akainua mkono.

"Mimi naanzia wa kwanza. Mama Egidius, Sigino ulikwenda lini?"

"Sikwenda."

"Kumbe ulipiga ramli!"

Wakaangua kicheko, hata Mzee Melkiadi akafuta macho. Masikio ya Kandida yaliwaka moto, lakini aliyewaita si yeye mwenyewe? "Endeleeni," akasema. Walilima mpaka hakubaki mstari uliosimama.

Kesho yake akaenda Sigino kwa miguu, akakaa nyuma ya darasa. Mwalimu wa darasa aliitwa Genoveva, mwanafunzi wake wa juzi tu. Kitabu kimoja kilikuwa cha watoto kumi na wawili. Kiliwekwa chini, wakakizunguka kama wanaota moto. Genoveva akaandika tisa ubaoni, mtoto mmoja wa kike akajibu sita.

"Huyu ni mzito, Mwalimu. Nimemchapa nimechoka."

Kandida akampa mtoto kitabu. Mtoto akakipindua, juu kukawa chini, halafu akasoma mbio mbio bila kukosea.

"Siku zote unakaa wapi, mwanangu?"

"Pale, kwenye kichwa cha kitabu."

Kandida hakuruka kwa furaha, akahesabu kwanza. Watoto thelathini na sita, na kumi na mmoja wao hukaa upande ule, wanakiona kitabu juu chini. Katika hao, wanane walichanganya sita na tisa. Katika wengine wote, wawili tu. Akamwagiza Genoveva awahamishe kila siku, akarudi baada ya wiki mbili. Wale wanane walikuwa wamebaki wawili.

Alhamisi ya mwisho Fabiani alikuja mwenyewe, akaketi na ratiba ya palizi mkononi. Kandida alisoma kutoka migongo ya mitihani ya zamani, maana karatasi safi hazikuwepo. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Pantaleo akaanza.

"Hao wawili waliobaki?"

"Sijui bado."

"Na shule nyingine?"

"Sijui. Ndiyo maana naitaka Alhamisi."

Fabiani akakohoa. "Watoto wangapi wamechapwa kwa jambo hili?"

"Wote wanane. Na aliyewachapa tulimfundisha sisi."

Mkuu wa chuo akaikunja ratiba yake, akaitia mfukoni. "Mahindi yatapaliliwa Jumamosi."

Mzee Melkiadi akainuka taratibu. "Ile ya udongo niliinakili. Muhula ujao nitapima shamba langu mwenyewe, nijue mbaazi katikati ya mahindi zinanipa nini."

"Mzee, nitauliza maswali, usije ukaniapiza," akasema Pantaleo.

"Uliza. Nawe unanifuata, tutauona huo mdomo."

"Niandikeni na mimi," akasema Fabiani, "lakini mwisho kabisa."

"Mwisho haupo, Mwalimu," Kandida akajibu, na kalamu ilikuwa tayari inakwenda. "Wewe ni wa tatu."