Tumbo Ambalo Sikutaka Litupwe

Binti yangu alinenepa mikononi mwangu, sitamsingizia mtu mwingine. Wakati wa vita nilizika mtoto aliyekufa kwa njaa, na huyu aliyemfuata niliapa hatalala bila kushiba. Nilimpa bugali na ndagala, nikamwongezea, na akisema ameshiba namkemea. Alipoolewa Muyinga, mama mkwe wake alimtazama pale mlangoni akaniambia nimewaletea mtu, si ufito. Nilirudi Gitega na sifa ile, nikaizungusha mtaa wetu mzima wa Nyamugari.

Miaka ikapita, sifa ikageuka. Sukari ikampanda. Magoti yakakataa kumbeba. Akilala anakoroma mpaka pumzi inakatika, na mimba mbili zikatoka. Mume wake huleta mchele kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero, na huko ndiko alikosikia kwamba Dar es Salaam kuna madaktari wanaowapasua watu wanene wakapungua. Yeye akabaki dukani, mimi nikamsindikiza mke wake. Mtoto wangu hapasuliwi mimi sipo.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alichora tumbo kwenye karatasi, kama kibuyu, akasema njia ziko tatu. Ya kwanza ni puto, linapitishwa mdomoni bila kisu, lakini baada ya miezi kadhaa linatolewa na wengi wananenepa tena. Ya pili, wanakata sehemu kubwa ya tumbo na kuitoa, linabaki jembamba kama ndizi. Ya tatu hawatoi kitu. Wanatenga kifuko kidogo juu, wanakiunganisha na utumbo huko chini, na tumbo lililobaki linakaa pale pale, ila chakula hakipiti tena. Akasema hiyo ya tatu inashusha sukari vizuri zaidi, lakini ina deni la vitamini kila siku mpaka kufa. Hata ya pili inazitaka, akasema, ila ya tatu haisamehe.

Binti akaweka kidole kwenye ya pili.

Mimi nikamuuliza daktari kile kipande wanakipeleka wapi. Akasema kinachomwa pamoja na vitu vingine vya hospitali. Kwetu hata jino la mtu linafukiwa.

"Hatuchomi mtu," nikamwambia.

Binti akacheka kidogo. "Mama, si mtu. Ni tumbo."

"Tumbo hilo nimelijaza mimi. Afanyiwe ile ya tatu."

Daktari akamgeukia yeye. Akamuuliza kama hizo dawa za vitamini atazipata Muyinga, na kama atazimeza kila siku ya maisha yake. Nikajibu kwamba atazipata na atazimeza. Binti akatazama mikono yake. Kwetu mtoto hamkati mama maneno mbele ya mgeni, hata akiwa mtu mzima mwenye nyumba yake. Daktari akangoja, kisha akamuuliza mara ya pili.

"Kama mama alivyosema," akajibu.

Wakamfanyia ile ya tatu. Akapungua kweli, na sukari ikashuka. Akawa anapanda kilima cha kwao bila kupumzika, na mimi nikajisifu kwamba niliona mbali.

Halafu Muyinga wakaanza kusema. Mtu akikonda haraka, na kila asubuhi anameza vidonge, watu wana jina moja tu la ugonjwa. Mawifi wakamtengea kikombe. Akaanza kuvificha vidonge ndani ya mfuko wa unga, mwisho akaviacha kabisa. Hayo niliyajua baadaye. Kwenye simu aliniambia tu kwamba anatapika, hata uji haukai. Nikamwambia ale polepole na aache kudeka. Wiki tatu nilimjibu hivyo.

Kisha mume wake akanipigia. Akasema mke wake anayumba kama mlevi, macho yanacheza, na asubuhi ile amemuuliza mama mkwe yeye ni nani. Nikapanda gari la Muyinga siku ile ile. Nilimkuta amekalishwa kwenye mkeka, wifi mmoja anasema amerogwa, mwingine anamnyunyizia maji ya dua. Tukamleta Gitega. Daktari wa hapa akasoma zile karatasi za Dar, akaamuru sindano za vitamini siku nyingi. Akasema macho yatatulia, miguu labda, lakini kumbukumbu hawezi kuniahidi.

Nikamuuliza, kama tungefanya ile ya pili? Akasema hata ile, mtu akitapika wiki nyingi bila dawa, yanaweza kumpata haya haya. Huenda ni kweli. Huenda alimhurumia mwanamke mzee. Sikumuuliza ili nihurumiwe.

Sasa anakaa kwangu. Anatembea akishika ukuta. Mume wake huja Ijumaa, na yeye humpokea kwa haya kama bibi harusi. Mambo ya zamani anayo yote, hata nyimbo za madrasa. Ya karibuni yamefutika, operesheni yenyewe imefutika, amebaki na ule mchoro wa daktari tu. Anaona bado hatujaenda kupasuliwa. Mwanzoni nilimwambia kweli, nikamwonyesha makovu tumboni. Alilia kama aliyepewa habari ya msiba, na kufika alasiri akaniuliza tena safari ni lini. Siku ya tatu nikaacha kumwambia.

Jana nilikuwa nachambua maharage, akaja akakaa karibu yangu. Akasema amefikiri sana na anataka ile ya pili, ya kukata. Akauliza kama nitakasirika.

"Sikasiriki."

"Na daktari akiniuliza?"

"Utajibu mwenyewe, mwanangu. Mi nitakaa nje."

Akanitazama kama mtu asiyeamini.

"Mama, leo iko nini? Unaumwa?"

Nikamwambia siumwi. Nikainuka nikamletea vidonge vyake na maji, nikasimama mpaka akameza.