Siku Boila la Saikal Liliposusa

Saikal wa At-Bashy, kijiji cha milimani kwenye baridi kali, alipenda kutangaza kwamba tangu aolewe hajaazima moto kwa jirani. Boila lake la kupasha nyumba joto kwa maji ya moto alilifunga na marehemu mumewe kwa mikono yao: tanuri la chuma jikoni, bomba zikizunguka vyumba vyote, rejeta ya kutoa joto chini ya kila dirisha, tangi dogo darini.

Basi siku mjukuu wake wa kwanza alipotimiza siku arobaini, siku ambayo kwa desturi mtoto huogeshwa kwa vijiko arobaini vya maji, rejeta zikawa baridi kama pua ya mbwa. Ndani ya boila moto unanguruma, nyumbani watu wanatoa mvuke mdomoni. Nani angemvua mtoto nguo kwenye baridi ile?

"Twende tukamwogeshee kwangu," akasema Anarkul, mama mzazi wa mke wa mwanawe, koti hajalifungua hata kifungo. "Kwangu watu huvua makoti."

"Mkwe wangu, labda nife kwanza! Mjukuu wangu ataogea hapa."

Mwanawe Bekten akachokoa majivu, akapanda kuzibua bomba la moshi, akarudi mweusi kama sufuria.

"Mama, moshi unatoka vizuri."

"Basi ni makaa. Umeuziwa mawe."

"Mawe yanayowaka?" akadakia Anarkul.

Bekten akapapasa bomba. Karibu na boila lilikuwa linaunguza, juu, baridi. "Maji hayazunguki, Mama. Yamepungua, hewa imeingia."

"Yapungue yaende wapi? Boila langu haliguswi na mtu!"

Nurzat, mkewe Bekten, alijua. Lakini kule mke wa mwana hamtaji mama mkwe jina, sembuse kumkosoa mbele ya watu. Akamwinamia mtoto, akasema kwa sauti ya kusikika hadi zizini:

"Mwanangu, leo alfajiri kuna mtu alikuwa anaosha matumbo ya kondoo. Maji ya birika yakamchelewesha. Si akafungua koki ya rejeta, akakinga ndoo, akarudi, akakinga tena! Simjui ni nani. Nimeona kilemba cheupe tu."

"Mimi nimefika sasa hivi," akasema Anarkul upesi, akishika kilemba chake cheupe.

Saikal naye akashika chake. Kisha kicheko kikamtoka, akajipiga mapaja. Akamsogelea mtoto.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako apunguze moto kwanza, chuma kisije kikapasuka kwa maji baridi. Halafu alete ndoo. Huyo mwenye kilemba atapanda darini mwenyewe."

Akapanda kweli. Anarkul akimpandishia ndoo ngazini, yeye akimimina kwenye tangi taratibu, huku Bekten akilegeza vizibo vya rejeta. Hewa ikapiga mluzi, ikakohoa, na maji meusi yakaruka moja kwa moja kwenye viatu vya Anarkul.

"Boila limekutambua, mkwe!" Saikal akapiga kelele toka darini.

Wageni wa sherehe walipoingia, dirisha lilikuwa linatoka jasho.

"Mbona umevua koti?" Saikal akamuuliza Anarkul.

"Nimechoka kulibeba tu."

Mtoto akawekwa kwenye beseni. Saikal akachota kijiko cha kwanza, kifua mbele. Nurzat akamnong'oneza mwanawe, lakini si sana:

"Usiogope, mwanangu. Haya yametoka kwenye birika."

Saikal akacheka hadi kijiko kikamwagika, na Anarkul akashikilia kwamba hicho hakihesabiwi, waanze upya.