Radi Ndani ya Maikrowevu

Juzi huko Daraja Mbili, fundi wa maikrowevu aliusukuma mkono wangu. "Usiguse! Hata ukichomoa, stima inabaki ndani, na inaua." Nikakumbuka utoto wangu.

Alasiri moja nyumbani Marani, maikrowevu yetu ilinguruma, ikatoa cheche na harufu ya waya ulioungua. Baba aliichomoa, akaanza kuifungua. Mimi niliamini radi imejificha humo, basi nikakimbia kufunika kioo cha ukutani kwa leso, kama Mama alivyofanya kila mvua ya radi ilipoanza, radi isikipige.

"Baba, bado iko ndani!"

"Nimeshachomoa, mwanangu. Imekufa hiyo."

Nililia kwa hofu mpaka akaiweka bisibisi chini, akanibeba nje.

Miaka hii yote nilidhani nilichookoa ni kioo.